Mabaki na Vitabu vya Vidole

Wengi wameshamwandika Mabaki. Walikuja na kamera, wakamsimamisha mlangoni, wakamwambia atabasamu huku ameshika mkasi, ingawa pale kazini hakuna anayetabasamu na mkasi mkononi. Wakaandika kwamba ni mbunifu, ni mjasiriamali wa jamii, ni mfano wa kuigwa. Sikatai. Lakini hakuna aliyeandika kwamba huongea na cherehani yake, tena kwa matusi. Wala hakuna aliyeandika alichofanya Ijumaa ile. Nitaandika mimi, maana kosa lililoleta siku ile lilikuwa langu, na mwenye kosa hutazama kwa makini kuliko wote.

Jina la Mabaki alipewa na mafundi cherehani wa mtaani. Kila jioni alipita mlango kwa mlango na gunia lake. "Kuna mabaki?" Wakawa wanamjazia vipande vya vitambaa walivyokuwa wakivitupa: pembe za mashuka, ncha za gauni, vipande vya jinzi vilivyokatwa miguuni mwa watu wafupi. Wakimwona mbali wanaitana: "Mabaki huyo!" Jina likamganda. Leo hata barua za serikali humjia kwa jina hilo.

Kabla ya hapo alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na miwili, akishona mkono wa kushoto wa shati. Wa kushoto tu. Mkono wa kulia ulikuwa wa mwanamke mwingine, kola ya mwingine, vifungo vya mwingine. "Nimeshona mikono ya mji mzima," huniambia, "lakini shati zima sijawahi kumvisha mtu." Kiwanda kilipofungwa alitoka na mgongo uliopinda kidogo upande mmoja. Hakujaaliwa mtoto. Mume wake alikufa mapema, naye husema alikuwa mtu mwema, kasoro yake ilikuwa hiyo moja tu ya kufa. Wangu mimi ana kasoro nyingine zote, na hiyo hana mpaka leo.

Habari ya vitabu ilianzia chini ya meza ya cherehani. Jirani yake alikuwa na mjukuu wa kike aliyezaliwa haoni. Alikuwa na miaka minne wakati huo, na kila kitu alikishika, hata uso wa mgeni, ndiyo maana akaitwa Vidole. Bibi yake akienda sokoni alimwacha kwa Mabaki, naye mtoto akajiingiza chini ya meza kuchambua vipande. "Hii suruali. Hii gauni la harusi. Hii pazia." Hakukosea hata kimoja.

Siku moja Mabaki akamshonea paka juu ya kitambaa. Alijitahidi sana. Paka amesimama ubavu, mkia juu, masharubu ya uzi wa nailoni. Akamkabidhi mtoto, akangoja kusifiwa.

Vidole akampapasa paka mara mbili. "Bibi, huyu aligongwa na gari?"

"Kwa nini, mama?"

"Ana miguu miwili."

"Miwili mingine iko upande wa pili, haionekani."

"Haionekani na nani?"

 Mabaki anasema alikaa pale na sindano mdomoni kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake akalisahau. Jioni alimtafuta paka wa jirani, akafumba macho, akampapasa kuanzia kichwani mpaka mkiani ili ajue paka akishikwa yukoje. Paka hakupendezwa. Alama ipo kwenye kiganja cha Mabaki mpaka leo, na mtu akimwuliza alisomea wapi kazi hii, huonyesha hiyo.

Tangu siku hiyo hakushona tena kitu kama kinavyoonekana. Alishona kama kinavyoshikwa. Paka akapata miguu minne inayoning'inia na tumbo la manyoya. Mvua ikawa nyuzi ndefu zilizoachwa huru, ukizipitisha vidole zinakimbia. Njia ikawa zipu: unaivuta, unasafiri. Mlima ukajazwa sponji za mafundi wa makochi ukavimba kama ngumi. Kurasa zikawa sita, kikawa kitabu chenye hadithi, na Vidole akakisoma mpaka pembe zikalika.

Wazazi wengine wakasikia. Mabaki hawezi mikono ya kulia, ndivyo anavyotania, kwa hiyo akawaita wanawake wengine, wengi wao wale wale wa kiwandani. Waliwahi kukaa benchi moja miaka yote ile bila mmoja wao kumaliza nguo. Sasa kila mmoja alitoa hadithi moja aliyoijua tangu utotoni, wakaishona. Mzazi mwenye uwezo alinunua vitabu viwili, kimoja cha mwanawe na kingine cha mtoto asiyemjua. Asiye na uwezo alileta gunia la vipande, au alikuja kuchambua.

Aliwahi kuja kijana wa ofisi fulani, viatu vinang'aa, akauliza: "Mama, huu mradi mnauita nini hasa? Ni biashara au ni sadaka?"

"Tunauita kazi," alisema Mabaki.

"Ndiyo, lakini kwenye fomu inabidi niandike mojawapo."

"Basi andika biashara upande huu, upinde karatasi, uandike sadaka upande ule."

Kijana akacheka, kisha akaandika kweli, nilimwona.

Mimi nilikuwa nimeshafika wakati huo. Niseme kwa kifupi nilivyofika, maana bila hivyo la Ijumaa halitaeleweka. Nilipiga pasi miaka kumi na tisa katika duka la dobi ambalo mimi na mume wangu tulilianzisha kwa beseni moja. Asubuhi moja nikakuta kufuli jipya mlangoni, na ndani, kwenye meza yangu, mwanamke mwingine ameshika pasi yangu, tena ameishika vibaya. Shemeji akanionyesha karatasi yenye dole gumba langu. Dole lilikuwa langu, sikatai. Maneno yaliyokuwa juu yake sikuwahi kuyajua, kwa sababu darasani sikuwahi kukaa, na aliyenishika mkono niliweke dole pale ndiye niliyemzalia watoto watatu. Yaliyobaki kila mtu mtaani aliyasimulia anavyotaka, na katika kila simulizi mkosaji nilikuwa mimi: sikumtunza, nilikuwa mkali, nilikuwa mzee. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilizunguka kutafuta kazi, nikafika kwa Mabaki. Alinitazama juu ya miwani.

"Unajua nini?"

"Pasi."

"Basi?"

"Basi."

"Mimi nilijua mkono wa kushoto tu. Ingia, mdogo wangu."

Akanipa kazi ya kunyoosha vipande vilivyokuja vimekunjamana kwenye magunia, na chumba cha nyuma nilale. Wenzangu wakaniita Mama Pasi. Sikuzungumza sana nao. Nilipiga pasi, nikakunja, nikapanga kwa rangi. Kushona sikugusa, wala sikuombwa.

Sasa shule ya watoto wasioona ikaagiza vitabu arobaini vya darasa la kwanza. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuuzia shule. Mwalimu wa darasa hilo naye haoni, tangu kuzaliwa, na alisema atavipima kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na watoto wake. Akivikubali, kila mwaka darasa jipya litasoma vyetu. Asipovikubali, kuna mfadhili aliyekwisha kumwahidi vya plastiki kutoka mbali. Mabaki alituweka chini akatuambia wazi: "Wazazi peke yao hawatoshi kutuweka. Shule ikikataa tunafunga mlango, kila mtu arudi alikotoka." Wenzangu walikuwa na pa kurudi.

Tulifanya kazi miezi mitatu. Alhamisi mchana kitabu cha arobaini kikakatwa uzi. Mabaki akatuambia, "Nendeni mkaoge, mkapumzike. Kesho tunakwenda kwa watu, na kazi yetu iwe ya heshima." Akaondoka kwenda kusukwa.

Nikabaki peke yangu na vile vitabu kwenye rafu. Nikavitazama. Vilikuwa vimevimba vimba, kurasa zimepinda, milima imesimama kama mafundo ya nguo zilizolala kwenye beseni. Nikaona aibu kwa niaba ya Mabaki. Niliyoyajua maishani ni kwamba nguo bila pasi haijaisha. Nikadhani watoto wanafuata mishono ya pembeni, na ule uvimbe ni ulegevu wa washonaji tu. Hakuna aliyewahi kuniambia, maana kwa wenzangu lilikuwa jambo la wazi, na mimi sikuwahi kufumba macho nikajaribu.

Nikawasha mkaa. Nikalowesha kitambaa, nikakitandika juu ya ukurasa, nikaweka pasi, nikaegemea. Mvuke ukapanda. Nasema kweli, kwa miezi mingi sikuwa nimefurahi kama mchana ule. Nilinyoosha vitabu arobaini, kila ukurasa, mbele na nyuma. Milima ilikuwa mibishi, nikaikanda mpaka ikalala. Masharubu ya paka yalitoa harufu kidogo, sikujali. Nilipomaliza nilivipanga vikakaa sawasawa kama mashati ya bwana harusi, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa fadhila.

Asubuhi wa kwanza kufika alikuwa Mama Vifungo, mshonaji wetu wa vifungo, mwanamke mwenye mdomo usio na kifungo hata kimoja. Alichukua kitabu cha juu. Akapitisha mkono. Akachukua cha pili.

"Nani amevipiga pasi?"

Nikasema mimi, tena kwa majivuno.

Akakiachia kitabu kikaanguka. "Umeua! Jamani njooni mwone, mwanamke ameua miezi mitatu kwa mchana mmoja!" Wengine wakaingia, kila mmoja akashika, kila mmoja akaguna. Sponji zilikuwa zimeyeyuka zikashikamana. Masharubu yamekuwa vidonge vidogo vyeusi. Mvua imeganda kwenye ukurasa. Mama Vifungo akanigeukia. "Una mkosi wewe. Ndiyo maana mumeo alibadilisha kufuli!"

"Hapo hapo," ilisema sauti ya Mabaki mlangoni. "Neno hilo limeze, na usilicheue tena humu ndani."

Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya, zimembana mpaka nyusi zimepanda juu. Akaja mezani. Akafumba macho, akasoma kitabu kizima kwa kiganja, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, nasi tumesimama kama watu wanaongoja daktari. Nilianza kuhesabu kichwani vitu vyangu vya kufunga. Ni vichache, nikamaliza upesi.

Akafumbua macho. "Safi sana," akasema. "Hata kiwandani sikuwahi kuona pasi kama hii." Akavuta pumzi. "Haya, beba. Tunakwenda."

"Kwenda wapi na hizi leso?" aliuliza Mama Vifungo.

"Tumewaahidi watoto leo. Mtoto asiyeona akiambiwa ngoja, anangoja kweli. Beba."

Tukaenda watatu: yeye, Mama Vifungo, na mimi nyuma na furushi. Darasani watoto walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Vidole katikati yao, sasa ana miaka saba na sare ya shule. Alimtambua Mabaki kwa hatua zake. "Bibi yangu huyo!" akawatangazia wenzake. "Ndiye anayeshona paka!" Akapewa kitabu cha kwanza, na wote wakanyamaza wamsikilize akisoma.

Akafungua. Akapapasa. Akafungua wa pili. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda haraka, kama mtu aliyeingia chumbani kwake usiku akakuta vitu vimehamishwa.

"Bibi," akasema polepole, "humu hamna mtu."

Mwalimu akanyoosha mkono, akapewa kingine. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya mshonaji yeyote niliyemjua. Akasoma akafika mwisho. "Ni kitambaa kizuri," akasema. "Nyororo. Lakini hakisemi kitu. Imekuwaje, mama? Kile cha mfano mlichonipa kilikuwa kinapiga kelele."

Mama Vifungo alinitazama. Nilijua kinachofuata. Katika maisha yangu, palipoulizwa imekuwaje, kidole kilinigeukia mimi, na mara nyingi kilikuwa cha mtu niliyemwamini.

"Tumepiga pasi," alisema Mabaki.

"Mmefanya nini?"

"Pasi, Mwalimu. Tunatoka kiwandani sisi. Kwetu kazi isiyopigwa pasi ni matusi. Tulitaka tuje kwako tumenyooka, tukanyoosha mpaka na mlima."

 Mwalimu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, watoto nao wakacheka kwa sababu yeye anacheka. "Nyie mafundi! Mmekuja kwa vipofu, mkahofia makunyanzi!"

"Tutubu vipi?" alisema Mabaki.

Akatupa wiki mbili. Zaidi ya hapo hawezi, alisema, mfadhili anataka jibu.

 Njiani kurudi nilimkaribia Mabaki nikamwambia: "Dada, kwa nini hukusema ni mimi?"

"Uliingia mwenyewe kwenye nyumba ile? Si nilikuingiza mimi? Nikakupa vipande mwaka mzima, kitabu sikukuonyesha hata siku moja." Akanipokea furushi begani. "Kosa la pasi ni lako. Kosa la kutokujua ni langu. Sasa nitamtajia nani Mwalimu?"

Sikulia. Machozi yangu niliyamaliza kwa mtu asiyestahili. Lakini nilipofika nilifanya ambalo sikuwahi kufanya: nilikaa mezani na wenzangu, nikafumba macho, nikashika. Tukaanza kufumua. Sponji mpya hazikuwapo, mafundi wa makochi walikuwa hawana mpaka mwisho wa mwezi, na Mabaki akauliza tujaze nini milimani.

Hapo ndipo niliposikia sauti yangu. "Mishono ya jinzi."

"Ya nini?"

"Ule mshono mnene wa pembeni, na pindo la chini. Miaka kumi na tisa nimepigana nao. Unaloweshwa, unaegemewa, mkaa unaisha, wenyewe umesimama. Na taulo la zamani. Na kola. Najua kila kitambaa kisichotii pasi, maana ndicho kilichoniumiza bega."

 Mama Vifungo akapiga makofi. "Kumbe huyu alikuwa na dawa mfukoni anatutazama tu!"

Tukachambua magunia. Mlima ukasukwa kwa mishono ya jinzi. Masharubu yakawa nyuzi zilizopakwa nta. Mvua ikawa kamba za viatu. Na kikawa kitabu cha kufuliwa kwa sabuni, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, ingawa watoto huviramba, huvidondosha, huvilalia. Mabaki akanipa sindano na vitabu vinne vyangu mwenyewe. Alinionyesha mshono wa kwanza kwa kunishika mkono. Nilishtuka, maana mkono wangu uliposhikwa mara ya mwisho ulikuwa juu ya karatasi. Alihisi, akauachia. "Basi nitazame tu," akasema, "ukiwa tayari ufanye mwenyewe."

Siku ya kumi na nne tukarudi shuleni. Safari hii darasa lilikuwa na kelele tangu ukurasa wa kwanza. "Nimempata!" "Mwenzangu, vuta zipu, vuta!" Mwalimu alipima kimoja kimoja, akiviweka upande wa kulia, cha thelathini, cha thelathini na tano. Mwisho upande wa kushoto vilibaki vinne.

"Thelathini na sita nimechukua, na vya mwaka ujao muanze kushona," akasema. "Hivi vinne mtanirudishia. Hiki mlango umelegea. Hiki mtu amesahau mvua. Na hivi viwili," akavipapasa tena, "hadithi inaishia katikati. Kuku anatoka nyumbani, basi, harudi."

Hivyo viwili vilikuwa vyangu. Nilikuwa nimeshona kurasa mbili zikashikana, kuku yuko ndani.

Mama Vifungo akafungua mdomo. Mabaki akamtangulia. "Viwili vyake vimepita kati ya vinne!" akasema, anang'aa kama mama aliyesomewa matokeo ya mwanawe. "Mimi shati langu la kwanza lilikuwa na mikono miwili ya kushoto."

Tukatoka, tukakaa kwenye ngazi za darasa. Akatoa wembe kwenye khanga yake, akanipa, na kitabu kimoja akakiweka magotini kwangu, yeye akachukua cha pili. Ndani Vidole alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti, anaongeza maneno ambayo hatukuyashona.

"Fumua polepole," alisema Mabaki. "Kuku asiumie."